Kabla hujamkatalia binti yako chanjo ya HPV, uliza kwanza: mtoto wa nani?

Wiki hii dada mmoja wa Morogoro ameniandikia. Ana binti wa miaka 11, na mumewe kasema mtoto hachanjwi ng'o, kwa sababu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kunazunguka sauti inayodai chanjo hii ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inafunga uzazi. Anataka kujua mimi nilifanyaje. Dada, kaa vizuri, maana jambo hili limenigharimu wifi.

Mnaonisoma mnanijua: nataka wanangu wasome wanizidi, na uzeeni nilee wajukuu. Najua nanyi mnataka hayo hayo. Basi Aprili 2024, Serikali ilipotangaza kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14, tena kwa dozi moja badala ya mbili, shule ya binti yangu ilituma kikaratasi cha mistari mitatu. Tarehe, saa, mtoto avae sare. Basi. Wazazi wakaogopa, na siwalaumu hata kidogo. Mtu akiachwa gizani, WhatsApp ndiyo itakayomwashia taa.

Jioni ile ile yakaanza. Mbona wasichana tu? Mbona bure? Mbona dozi zimepunguzwa, si tunafanyiwa majaribio? Mimi nikasema wangu atachanjwa. Wifi yangu akaandika, ukoo mzima ukisoma, kwamba nimeuza uzazi wa damu ya kaka yake. Sijaufuta ujumbe ule. Hajawahi kuniomba radhi, na salamu zake siku hizi zinapitia kwa watoto.

Wifi kasahau kwamba mama yangu mdogo alikaa kwangu alipokuwa anaenda mionzi ya saratani hii hii, hospitali ya Ocean Road. Chumbani kwake tulifukiza ubani asubuhi na jioni kwa sababu ya harufu, na kila aliyeingia, yeye ndiye aliyeomba samahani. Khanga zake nilizifua mwenyewe usiku, nyumba ikishalala, asije akaona aibu. Tanzania saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake: inakadiriwa zaidi ya 10,000 hugundulika nayo kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufariki. Karibu asilimia 70 ya saratani hizo husababishwa na HPV aina ya 16 na ya 18, ambazo ndizo hasa chanjo inazozikinga.

Kwa hiyo sikubishana na mtu. Kila aliyeleta kisa nilimuuliza: mtoto wa nani? Shule gani? Naweza kuongea na mama yake? Visa karibu vyote vilifia hapo, "na mimi nimetumiwa tu."

Kimoja kilikuwa cha kweli. Binti wa mtaa wa pili alianguka baada ya sindano, nikaenda kwao. Mama yake akanieleza: mtoto alitoka bila kunywa chai, akasimama foleni juani, akamwona mwenzake aliyemtangulia akilia, zamu yake ilipofika akachomwa na kudondoka palepale. Wakamlaza kwenye benchi, miguu juu, akapewa maji ya sukari. Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Kuzimia hivyo kunajulikana kwa vijana wanaochomwa sindano yoyote ile, ndiyo maana mtoto hutakiwa akalishwe dakika 15 kabla ya kuondoka.

Wala si kwetu tu. Mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar huko Colombia, mamia ya wasichana walizimia na kufa ganzi. Uchunguzi wa serikali haukuikuta chanjo na kosa, lakini nchi nzima ilishaingiwa na hofu na watu wakaacha kuchanja. Japani nayo iliacha kuihimiza chanjo hii Juni 2013. Waliochanjwa wakashuka kutoka asilimia 70 hivi hadi chini ya 1, na ilirudi kuihimiza 2022. Wasichana waliokosa katikati hapo, nani atawalipa?

Suala la uzazi nalo lilichunguzwa. Mwaka 2017 kamati ya usalama wa chanjo ya Shirika la Afya Duniani ilipitia taarifa, wakati huo zaidi ya dozi milioni 270 zikiwa zimeshasambazwa, wakaangalia hadi ovari, yaani vifuko vya mayai, kushindwa kufanya kazi mapema. Hawakuona uhusiano. Wanaopata mzio mkali wapo, ila ni kama wawili katika dozi milioni. Na dozi moja si kubahatisha: utafiti wa Kenya uliohusisha wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Nairobi, Thika na Kisumu ulionyesha dozi hiyo moja inakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina hizo mbili.

Mtaniambia hata madaktari wamepinga. Ni kweli, Kenya mwaka 2019 chama cha madaktari Wakatoliki kilipinga hadharani. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba kirusi hiki huambukizwa kwa ngono, hivyo kujitunza kunatosha. Nawaheshimu, ila mama mdogo alijitunza. Aliolewa bikira, akakaa na mume mmoja hadi kaburini. Kirusi kililetwa na huyo mume. Wazazi wenzangu, mnaweza kumlinda binti hadi siku ya harusi, lakini mkwe mtamchunguza wapi?

Kwa hiyo dada, ulizeni. Msisambaze msichokiuliza. Nendeni kituo cha afya na maswali yenu yameandikwa, mkae hadi mjibiwe, na muuguzi akikunja uso mwambieni mmekuja kwa ajili ya mtoto wenu. Semeni mapema kama mtoto ana mzio. Mpeni chai na mkate kabla ya kutoka. Na wewe mwenyewe ukishafika miaka 30 kapime, wanapaka siki tu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia. Chanjo ya binti haikukingi wewe.

Ila usimchanje kwa siri. Mumeo mwambie kabla, na umpeleke naye kituoni aulize mwenyewe. Wangu alikwenda amenuna, akamhoji muuguzi hadi foleni ikaanza kulalamika, kisha akasaini. Dada yake hajamsamehe mpaka leo, na yeye hilo halimkoseshi usingizi kama linavyonikosesha mimi.