Uliza Tukujibu: "Barua ya mtaa nilikuwa nayo, mbona spika wamebeba?"

Kiangazi kimeingia na shughuli Mwanza ndo zimepamba moto, kwa hiyo mwezi huu barua karibu zote ni za vibali. Nimechagua nne.

SWALI: Mwangaluka dada. Mimi ni kijana wa Buhongwa, tuna kikundi cha kudansi na kuimba. Mwezi uliopita tuliandaa bonanza la vipaji kwenye uwanja mmoja kule Kirumba, kiingilio buku tu. Nilienda kwenye ofisi ya mtaa ninaoishi nikaandikiwa barua, nikatoa elfu thelathini mkononi, nikaambiwa niko huru. Saa tatu usiku wakaja mgambo na askari wawili wakazima jenereta, wakabeba spika mbili na mikisa, wanasema hatuna kibali. Nikawapa ile barua wakaisoma wakanirudishia. Spika ni za kukodi, mwenyewe ananipigia kila siku. Kwani barua ya mtaa sio kibali?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Picha ya barua uliyotuma nimeikuza nikaisoma mara tatu. Imeandikwa "aruhusiwe kufanya sherehe", basi. Uwanja hautajwi, saa ya kuanza na kumaliza hakuna, na muhuri wa zambarau umekaa juu ya tarehe mpaka haisomeki. Karatasi ya namna hiyo hata ingekuwa imetoka ofisi kubwa kuliko hiyo isingekusaidia, maana askari akifika usiku anatafuta vitu vitatu tu, wapi, lini, mpaka saa ngapi.

Halafu kuna hili ambalo watu wengi sana wanalikosea. Sisi tumezoea kusema "jiji" kwa Mwanza yote, lakini halmashauri ni mbili toka 2012. Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Igogo na Igoma ziko Nyamagana, hiyo ndo Halmashauri ya Jiji. Kirumba, Pasiansi, Nyakato mpaka Kayenze ziko Manispaa ya Ilemela. Wewe umeandikiwa barua Nyamagana ukafanya shughuli Ilemela. Kibali kinafuata uwanja ulipo, hakifuati unapolala.

Na barua ya mtaa ni utambulisho, ni mlango wa kwanza tu. Ulitakiwa uanzie mtaa wenye uwanja, upite kwa mtendaji wa kata, ufike kwa afisa utamaduni wa manispaa kwa sababu shughuli yako ni sanaa na ina kiingilio, yeye ndo atakuelekeza na mambo ya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mwenye uwanja naye akupe barua yake. Mkipiga nyimbo za watu kwenye shughuli ya kulipia kuna leseni ya hakimiliki, sheria yake ipo toka 1999, na kama kutakuwa na bia kuna leseni ya muda ya vileo, usimwachie mwenye kreti akwambie "hiyo niachie mimi".

Polisi nao wana utaratibu wao na hapa naomba usome taratibu. Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inataka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa wazi apeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya masaa 48 kabla, aseme mahali, muda na kusudi. Ni taarifa, sio ombi. Zamani ilikuwa lazima upewe kibali, mpaka mwaka 1994 Mahakama Kuu kule Dodoma, kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Lugakingira akasema kumlazimisha raia aombe ruhusa ya kukusanyika kunavunja katiba, ndo sheria ikabadilishwa ikawa ya kutoa taarifa. Polisi bado wanaweza kuzuia wakiona amani itavunjika. Kwa hiyo peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na saa, hiyo rudi nayo, siku ya shughuli iwe mfukoni mwako na sio nyumbani kwenye droo.

Sasa spika. Nenda mchana, na mkataba wa kukodi, na mwenye spika mwenyewe kama atakubali. Omba orodha iliyoandikwa ya vilivyochukuliwa, usikubali kuambiwa "vipo stoo". Kisha uliza kwa adabu kabisa, nimevunja sheria ndogo ipi na kifungu gani? Sheria ndogo ya halmashauri haianzi kung'ata kwa kusomwa kwenye kikao, lazima waziri aidhinishe na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo ina jina, mwaka na namba ya tangazo. Ofisi ya mwanasheria wa halmashauri wanayo, omba uisome. Kama kweli umekosa, na kwa maelezo yako naona umekosa, kubali kosa wakupe kontro namba ulipe benki au kwa simu, upate risiti. Ile elfu thelathini ya mkononi mdogo wangu haikuwa ada wala faini, nami imeniuma kama yangu, maana vijana mnachanga buku buku afu inayeyuka kwenye meza ya mtu.

SWALI: Shikamoo. Namtoa binti yangu mwezi ujao, send-off tunafanyia nyumbani Igogo, uwanja sina, nataka kufunga turubai barabarani kama wanavyofanya wote. Kuna shida?

JIBU: Marahaba mama, na hongera. Ipo shida ndogo. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA toka 2017, zile kubwa ni TANROADS na hizo usiziguse kabisa. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mapema akuandikie, upeleke TARURA na polisi, na majirani wa pande zote mbili uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe, wasisikie kwa spika. Ila hata ukiruhusiwa acha njia. Mimi nilikuwa kwenye shughuli moja Mabatini, turubai toka ukuta hadi ukuta, jirani akashikwa na uchungu saa nne usiku, ikabidi wanaume wambebe wakimpitisha katikati ya viti na masufuria mpaka kwenye bajaji huku mziki unapigwa. Alijifungua salama, lakini ile sura yake sijaisahau. Acha upana wa gari moja.

SWALI: Baa jirani hapa Nyakato inakesha na mziki kila Ijumaa mpaka Jumapili, watoto hawalali. Mwenyekiti anasema wana leseni.

JIBU: Leseni ya kuuza bia sio leseni ya kelele. Kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na usiku viwango vinashuka. Andika kwenye daftari wiki tatu hivi, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuzima, majirani wasaini, upeleke kwa mtendaji na afisa mazingira wa manispaa, nakala NEMC wanaosimamia mazingira kitaifa, Kanda ya Ziwa wana ofisi hapa hapa Mwanza. Daftari lenye saini kumi linasikilizwa kuliko mtu mmoja aliyekasirika.

SWALI: Sisi ni wavuvi Kayenze, tunataka mashindano ya kupiga kasia, watu watazame toka kwenye mitumbwi. Mtendaji anasema tuendelee tu.

JIBU: Msiendelee tu, ndugu zangu. Ziwa hili limetuzikisha watu, MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara, na zote mbili zilibeba watu kupita kiasi. Wapiga kasia siwaogopei, wanajua kazi, naogopea watazamaji, watu ishirini kwenye mtumbwi mmoja wote wanasimama upande mmoja kushangilia. Watazamaji wakae nchi kavu. Shirikisheni BMU yenu, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, polisi wanamaji na TASAC ambao ndo wanasimamia usalama wa vyombo majini, pamoja na vibali vya mtendaji na manispaa, na kila mpiga kasia avae jaketi okozi, hata akisema anajua kuogelea toka mtoto. Mtumbwi wa injini wa uokoaji uwe majini muda wote, sio umefungwa mwaloni. Na anzeni asubuhi, saa moja na nusu ziwa likiwa bado limetulia, mkichelewa mpaka saa nane upepo umeshashika basi ahirisheni mpaka siku nyingine.