Giaboksi ya Oto Ikianza Kuteleza, Pima Oili Kabla Hujakubali Ifunguliwe

Dalili za giaboksi ya oto inayoteleza hazijifichi. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari halichanganyi kama lilivyozoea. Wakati mwingine ukiweka D, gari husita kabla ya kushika gia. Hapa Kigoma wengi wetu huligundua tatizo hilo kwenye kilima, tunapotoka mjini kupanda Mwanga au tunapoelekea Manyovu, na kuna sababu yake: gari linapoinua pua, oili hukimbilia upande mmoja wa sampo, yaani karai la oili lililo chini ya giaboksi, na kama imepungua, pampu hufyonza hewa pamoja na oili. Presha ikishuka, pleti za ndani, zinazoshikana ili kupitisha nguvu ya injini, hazibanwi sawasawa, nazo huanza kuteleza.

Gari langu, Toyota dogo la oto, lilianza kuteleza kwenye barabara hiyo ya Manyovu. Ushauri wa kwanza niliopewa gerejini ulikuwa niagize giaboksi iliyotumika kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, bila mtu yeyote kuchomoa stiki ya kupimia na kuitazama oili. Nilikataa. Ninawasihi wenzangu nao wakatae, kwa sababu kupima oili kwa stiki hakuhitaji spana hata moja, na giaboksi iliyokwisha kufunguliwa bila sababu ni nadra kurudi kama ilivyokuwa.

Oili ya giaboksi haipimwi kama ya injini. Endesha kwanza mpaka gari lipate joto la kawaida, uliegeshe mahali tambarare, uvute hendibreki na kuacha injini ikiunguruma taratibu. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia zote kuanzia P hadi ya mwisho, ukitulia kidogo kwenye kila moja, kisha urudi P. Ndipo uchomoe stiki, uifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, uirudishe mpaka mwisho na uichomoe tena. Oili isome kwenye alama za HOT, kwa kuwa alama za COOL ni za kukisia tu wakati giaboksi ikiwa ya baridi. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hayana stiki kabisa. Hupimwa kwa nati ya chini, oili ikiwa kwenye joto maalumu, na kazi hiyo ni bora umwachie fundi mwenye mashine ya kusoma joto hilo.

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, ulitazame na kulinusa. Wekundu unaopitisha mwanga ni dalili njema. Rangi ya kahawia yenye harufu ya kuungua inaonyesha kuwa pleti zimekwisha kuteseka. Ikiwa nyeupe-pinki kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji yameingia, mara nyingi kupitia rejeta ambayo ndani yake mna kipozeo cha oili ya giaboksi. Hapo usiendeshe tena hata kidogo.

Kwangu oili ilikuwa nyekundu safi, ila stiki ilionyesha chini kabisa ya alama. Oili ya giaboksi haiungui ikaisha kama ya injini, hivyo ikipungua inavuja mahali, na kuongeza bila kutafuta mvujo ni kuahirisha tatizo. Nilitandaza maboksi chini ya gari usiku kucha, na asubuhi nikakuta matone mekundu usawa wa rejeta. Mpira unaopeleka oili kwenye kipozeo ulikuwa umekauka na kupasuka pale unapobanwa na klampu, ufa mwembamba usioonekana mpaka uukunje kwa vidole. Nilibadilisha mpira na klampu zake, kwa kutumia mpira unaohimili oili ya moto, si ule wa maji. Ukihitaji kuingia chini ya gari, weka stendi imara na vigingi kwenye magurudumu. Jeki peke yake imeshaua watu.

Katika kuongeza oili ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Soma kitabu cha gari au maandishi kwenye stiki yenyewe. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hutumia oili ya aina ya T-IV, za baadaye WS, na zenye CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, zina oili yake ya pekee. Muuzaji akikuambia kwamba haidroliki, yaani oili hizo za giaboksi, zote ni moja, nenda duka jingine. Mimina kidogo kidogo kwa faneli nyembamba, ukipima kila mara, kwani ikizidi hutoa povu, na povu nalo hushusha presha.

Kama kiwango kiko sawa na oili ni safi, lakini bado gari linateleza, tafuta mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Solenoidi mbovu, yaani vali ndogo ya umeme inayoongoza oili ndani ya giaboksi, huweza kuleta dalili hizohizo, na katika magari mengi hubadilishwa kwa kufungua sampo tu. Sampo ikishafunguliwa, tazama sumaku zilizomo: tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma unavyoweza kuvishika vina maana kwamba giaboksi imeharibika, na hapo kuitengeneza upya au kuibadilisha ndiyo njia iliyobaki.

Ukishaona linateleza, usilazimishe safari. Kuteleza huzalisha joto, na joto humaliza pleti ambazo pengine zilikuwa bado nzima. Likikwama njiani, gari la oto linaloendeshwa na magurudumu ya mbele lisivutwe kwa kamba hadi mjini, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu haisukumi oili, na sehemu za ndani husagana zikiwa kavu. Lipakieni kwenye lori, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe.