Kwa nini Ash analia wakati anashangiliwa?

SWALI: Mheshimiwa mhariri, juzi tuliangalia filamu ya Evil Dead II katika kibanda cha video hapa Arua. Mwishoni Ash, mhusika mkuu, anaangukia katikati ya askari wenye mapanga, wanampigia magoti, naye analia kama mtu aliyefiwa. Vijei wetu, aliyekuwa akitafsiri kwa kipaza sauti, alisema Ash amekufa na pale ni ahera. Wenzangu walikubali, lakini mimi sikuridhika. Ukweli ni upi?
Msomaji, Arua

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kutoridhika. Kazi ya vijei ni kuchangamsha kibanda, na wengi wao ni mafundi hasa, lakini huyu wenu aliitangulia filamu. Ash hakufa, bali amerushwa katika zama za kale, na ndiyo maana filamu inayofuata, Army of Darkness ya 1992, inamkuta akiwa hai katika zama zile zile.

Kumbuka jinsi Annie, mwanamke anayepambana pamoja na Ash, anavyosoma maneno ya kitabu cha kale cha uchawi ili kufungua mlango wa kumezea uovu, na jinsi anavyoyamalizia huku akikata roho, akiwa amechomwa kisu na mkono ule ule ambao Ash alijikata mwenyewe ulipoingiwa na pepo. Mlango unauvuta uovu, lakini haubagui: unamvuta Ash pia, pamoja na gari lake.

Ufunguo wa mwisho ule umefichwa nyuma, katika tukio la nukta chache tu. Annie anamwonyesha Ash ukurasa wa kitabu wenye mchoro wa mtu, akimweleza kwamba mwaka 1300 mtu huyo aliitwa shujaa aliyetoka angani, na kwamba ilitabiriwa angeuangamiza uovu. Ash anajibu kwa dharau kwamba mtu huyo hakuifanya kazi yake vizuri. Watazamaji hucheka, wasijue kwamba anajisema mwenyewe.

Basi anapompiga risasi pepo mwenye mabawa, na wale waliotaka kumuua dakika moja kabla wakamshangilia kuwa mkombozi kutoka angani, anatambua kuwa shujaa wa mchoro ni yeye. Tena anajua jambo ambalo wao hawalijui: karne kadhaa baadaye uovu ungalipo, kwa kuwa ametoka kupigana nao usiku ule ule. Kwa maoni yangu, kilio chake ni cha mtu aliyekwisha kuona matokeo ya kazi ambayo bado hajaianza.

Mkiirudia, mwombeni vijei anyamaze kidogo Annie anapofungua ukurasa ule.