Kishikwambi au laptopu kwa duka la vipodozi?

Dada, umesema una duka la vipodozi, msaidizi mmoja na bajeti ya kifaa kimoja tu. Swali ni nani atakaa nacho. Kama ni msaidizi pale kaunta, chukua kishikwambi chenye sehemu ya laini: umeme ukikatika kinaendelea, bando unaweka humohumo, picha ya mzigo mpya unairusha WhatsApp hapohapo. Makarani wa Sensa ya 2022 walizunguka navyo nyumba kwa nyumba, kwa hiyo kujaza fomu si tatizo.

Shida inaanza jioni ukifunga hesabu. Nilijaribu kuandika stoku ya bidhaa kama 300 kwenye Excel kwa kidole. Nikigusa mstari huu unafunguka ule, nikaishia kurudi kwenye daftari. Kibodi ya Bluetooth inasaidia, ila nayo ni hela.

Kwa hiyo kama hesabu unafanya mwenyewe, nunua laptopu iliyotumika yenye SSD (diski inayofungua vitu haraka) na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, picha piga kwa simu yako. Ila usilipe kabla hujachomoa chaja palepale dukani uone betri inashika dakika ngapi.