Kabla Hujasema "Nipe Mimi Mpira"

Wadogo zangu mnaoanza kurusha kwenye besiboli, kila msimu mnaniuliza lilelile: nifanyeje mpira uende kasi? Nami naanza na Charles Radbourn, mrushaji (yaani anayemrushia mpigaji mpira) wa Marekani aliyekufa mwaka 1897, na wengi wenu mnaguna. Nivumilieni.

Radbourn alikulia Bloomington, Illinois, mtoto wa muuza nyama. Mwaka 1880 alipata nafasi kwenye timu ya Buffalo. Bega likamuuma hata asirushe mechi moja. Alicheza mechi 6 katika nafasi nyingine, wakamwacha. Mgeni akishavaa jezi hutaka kumaliza ufundi wote siku ya kwanza. Mimi pia. Nilikuwa na miaka 16, nikarusha mpaka giza likaingia kwa sababu tu kocha alikuwa anatazama. Asubuhi dada yangu ndiye aliyenivalisha shati la shule. Miezi miwili iliyofuata nilikuwa mwokota mipira.

Sasa njooni mwaka 1884, kwenye timu ya Providence. Timu ilikuwa na warushaji wawili wa kutegemewa: Radbourn na kijana Charlie Sweeney, ambaye mwezi Juni aliwatoa wapigaji 19 wa Boston kwa mechi moja. Hawakupatana hata kidogo. Julai uongozi ulimsimamisha Radbourn kwa ugomvi. Siku chache baadaye Sweeney naye akagoma katikati ya mechi, akaondoka uwanjani. Kanuni za wakati ule hazikuruhusu kubadilisha wachezaji ovyo, kwa hiyo wenzake wakamalizia wakiwa 8, wakafungwa.

Timu ilikuwa ukingoni mwa kuvunjika. Radbourn akaenda kwa uongozi na ofa: nitarusha mechi zilizobaki, lakini nilipwe zaidi, na msimu ukiisha mniachie huru. Zamani hizo mkataba ulimfunga mchezaji kwa timu yake mwaka hadi mwaka. Hakuwa na pa kwenda bila ruhusa yao. Wakakubali. Angalieni alizungumza lini: kabla ya kubeba mzigo, wakati wao ndio wenye shida. Wengi wetu tunabeba kwanza, halafu ndiyo tunaanza kuomba nauli.

Akarusha kweli. Kwa msimu mzima alianza mechi 73 na kuzimaliza zote 73. Mechi ina zamu 9 za kupiga kwa kila timu. Yeye alirusha zamu 678 na theluthi mbili. Mrushaji wa leo akifika zamu 200 kwa mwaka anasifiwa. Ushindi wake ulikuwa 59, ingawa vitabu vingine vinahesabu 60. Providence wakachukua ubingwa, kisha Oktoba wakaifunga timu ya Metropolitans ya New York mechi zote 3. Mrushaji wa zote tatu? Huyohuyo.

Mtaniambia alikuwa chuma. Husimuliwa kwamba asubuhi mkono haukuinuka hata kuchana nywele. Alikuwa akifika uwanjani mapema, anaanza kurusha kwa umbali wa hatua chache, anarudi nyuma taratibu, mpaka mkono ulegee kiasi cha kurusha toka mbali kabisa. Igeni huko kupasha mwili moto. Hesabu yake ya mechi msiiguse. Tena mara nyingi alikuwa akirusha mkono ukipita chini, kutoka futi 50, kwenye ardhi tambarare. Ninyi mnarusha mkono ukipita juu, futi 60 na inchi 6, na bega linalia tofauti.

Baada ya mwaka ule hakuvuka tena ushindi 28 kwa msimu. Uhuru wake aliupata, akaamua kubaki Providence. Mwaka uliofuata timu ikavunjwa, akaenda Boston. Alistaafu mwaka 1891, akafungua baa yenye meza za pool kule Bloomington. Ajali ya kuwinda ikamtoa jicho, akawa anajificha chumba cha nyuma asionwe na watu. Alikufa akiwa na miaka 42. Jina lake liliingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa besiboli mwaka 1939, miaka 42 baada ya kifo chake.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kocha akisema "ongeza kidogo tu", bega linaloongezewa si lake. Kwa hiyo hesabuni. Kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto na vijana ya Marekani, zinamruhusu kijana wa miaka 15 au 16 kurusha mipira isiyozidi 95 kwa siku, na akifikisha 76 anapumzika siku 4. Mimi natumia hiyo hata kwa wanaonuna.

Jumamosi kila mmoja aje na daftari dogo na kalamu. Mwenzako akirusha, wewe unaandika. Atakayekuja bila daftari atashika gunia la mipira, na kazi hiyo naijua vizuri.