Binti yangu anaiogopa simu yake

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 alikuwa haachi simu. Siku hizi ikiita hushtuka, nikikaribia huificha, na asubuhi hulalamika kuumwa tumbo ili asiende shule. Je, ni mambo ya ujana tu? Mama, Igoma, Mwanza.

JIBU: Mama, usiyachukulie kuwa ya ujana tu. Dalili moja pekee haithibitishi kitu, lakini hofu ya simu ikiambatana na kukwepa shule, na pengine kukosa usingizi na kujitenga na marafiki, yawezekana kabisa kwamba binti yako anadhalilishwa mtandaoni. Uonevu huu huumiza kwa namna ya pekee kwa sababu humfuata mtoto hadi kitandani, na picha moja iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp huonwa na darasa zima kabla hajafika shuleni. Wengine huangukia sonona au hata mawazo ya kujiua.

Tafadhali usimnyang'anye simu, kwani watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa adhabu hiyo hiyo. Keti naye faraghani, msikilize bila kumlaumu, kisha hifadhini pamoja picha za skrini za ujumbe wowote wa kumdhalilisha kabla ya kumzuia mtumaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza uonevu wa aina hii, hivyo mnaweza kulifikisha suala kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kupiga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Akitamka kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.