Jino la Plastiki Halitoi Damu: Ushauri kwa Anayejifunza Kutibu Mizizi ya Meno ya Utoto

Wanafunzi wa udaktari wa meno wanaokuja kujifunza kwa vitendo kwenye kliniki yetu hapa Dodoma huja na hamu moja: kushika faili, kile kijisindano cha kusafishia mizizi ya jino. Wameshachonga meno ya plastiki kwenye kichwa bandia, wamepata alama nzuri, sasa wanataka mtoto. Hamu hiyo naipenda. Ila nawaambia mapema kwamba ugumu wa kutibu mzizi wa jino la utoto hauko kwenye faili. Uko kwenye uamuzi: jino hili litolewe kiini (nyama laini yenye damu iliyo ndani ya jino) cha juu tu, lisafishwe mizizi yote, au ling'olewe?

Kwenye vitini vya masomo, hizo huwa mada tatu, kila moja na ukurasa wake. Kwenye kiti cha mgonjwa ni swali moja, na jibu lake mara nyingi unalipata ukiwa umeshafungua jino.

Umeondoa kiini cha juu chote. Umebaki na vidoa vyekundu kwenye midomo ya mizizi. Chukua kipande cha pamba kilicholoweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, kibonyeze taratibu, usubiri dakika chache bila kuchungulia. Ukikitoa na damu imekata, kiini cha ndani ya mizizi bado kina uhai: weka dawa, ziba, funika jino kwa kofia ya chuma. Ikiwa damu bado inatoka, tena nyeusi nyeusi, ugonjwa umeshateremka, na hapo ndipo unafikiria kusafisha mizizi yote au kung'oa. Usiikaushe damu hiyo kwa dawa kali ili kazi iendelee kama ulivyopanga, maana hiyo damu ndiyo inayokupa jibu. Jino la plastiki halitoi damu, kwa hiyo hatua hii hutaijua vizuri mpaka usimame pembeni ya mkubwa wako na kuitazama mara nyingi.

Jambo la pili: omba meno ya utoto yaliyong'olewa, yatakase, uyakate katikati. Utaona kiini kilivyo kikubwa, gamba la nje lilivyo jembamba, na sakafu ya jino ilivyo nyepesi, kiasi kwamba keekee ya mashine ikizidi kidogo tu inatokea upande wa pili. Mizizi yenyewe imetanuka kwa sababu imelikumbatia jino la ukubwani linalokua chini yake. Ndiyo maana kwenye picha ya eksirei unatazama kwanza kati ya mizizi, si kwenye ncha kama ulivyozoea kwa watu wazima. Usaha wa gego la mtoto hupenda kuanzia pale. Na ndiyo maana faili unaisimamisha milimita moja au mbili kabla ya ncha.

Kuhusu dawa za kujazia, elewa sababu, usikariri majina. Gata-pecha, ule utomvu mgumu wa kujazia mizizi ya watu wazima, haifai kwa sababu mizizi ya utoto huyeyuka kadiri jino jipya linavyopanda, na tunachojaza lazima kiyeyuke pamoja nayo. Zinki oksaidi iliyochanganywa na yujenoli, ile yenye harufu ya karafuu, bado inafanya kazi nzuri na inapatikana. Formokresoli nayo, dawa yenye formaldihaidi inayowekwa kwenye midomo ya mizizi ukishatoa kiini cha juu, ilitawala mafunzo kwa miongo mingi. Mwaka 2004 wataalamu wa IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, waliiweka formaldihaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na kwa hatua hiyo vyuo vingi vimehamia MTA, aina ya saruji ya meno. MTA ni ghali. Kwa maoni yangu mwanafunzi afundishwe MTA kwanza, kisha afundishwe afanye nini anapopangiwa kituo ambacho haipo.

Sasa mzazi. Mama amepanda basi alfajiri kutoka Mpwapwa, mtoto hajalala, na swali lake ni la haki kabisa: "Daktari, si jino la utoto hili? Litang'oka lenyewe, ling'oe tu tuondoke." Usimjibu kwa istilahi. Mwonyeshe kwa kidole: hili ni gego la pili, huanguka mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12, na nyuma yake lipo au linakuja gego la ukubwani, linaloota karibu na miaka 6. Tukiling'oa mapema, la nyuma litasogea mbele, na jino linalosubiri chini litakosa nafasi. Wazazi wengi wakishaona hivyo hubadili mawazo. Na kwa aliyetoka mbali, panga kumaliza siku hiyo hiyo kama hali ya jino inaruhusu, kwa sababu jino lililozibwa kwa muda na mtoto asirudi ni jipu linalosubiri siku yake.

Mtoto mwenyewe muanzie polepole: mweleze, mwonyeshe, ndipo ufanye. Mpulizie hewa kwenye ukucha kabla ya kumpulizia mdomoni.

Kuna meno ya kuacha. Mzizi ulioyeyuka zaidi ya theluthi, sakafu iliyotoboka, mtoto mwenye ugonjwa wa moyo au kinga dhaifu na jino lenye usaha: usijaribu kupata kesi ya kujaza logibuku yako, daftari la kazi ulizofanya, hapo. Ng'oa kwa ganzi nzuri, fikiria kifaa cha kushikilia nafasi, na tarehe ya kurudi uiandike kwenye kadi mama akiwa anaona.